Shabiki Akishika Brashi

Mwishoni mwa Septemba 2020, mchoro mkubwa uliwekwa ukutani Downtown Disney, mtaa wa maduka ulio nje ya malango ya Disneyland, huko Anaheim, California. Bustani yenyewe ilikuwa bado imefungwa kwa sababu ya korona. Maduka yalikuwa yamefunguliwa kwa masharti, na aliyepita hapo alipita na barakoa usoni. Mchoro ulimwonyesha Chadwick Boseman, mwigizaji aliyefariki dunia tarehe 28 Agosti mwaka huo akiwa na miaka 43. Amekunja mikono kifuani kwa saluti ya Wakanda, ufalme wa kubuni wa filamu ya Black Panther. Mbele yake yupo mtoto, naye anairudisha saluti ileile.

Ukimtazama vizuri mtoto huyo ndipo mchoro unapokushika. Amevaa gauni la hospitali, lile jepesi la mgonjwa aliyelazwa, na usoni ana kinyago cheusi cha Black Panther. Boseman hana kinyago. Mtu ambaye dunia ilimzoea akiwa ndani ya vazi la Mfalme T'Challa amechorwa kama mgeni aliyekuja kujulia hali, na alama ya ufalme iko kwa mgonjwa. Mchoraji angeweza kumwonyesha shujaa juu ya gari katika barabara za Busan, kucha zimetoka, mwanga wa zambarau ukipita kwenye vazi. Wachoraji wengi walifanya hivyo siku zile za msiba, tena kwa ustadi. Huyu alikihamisha kinyago kutoka uso mmoja kwenda mwingine, na uamuzi huo mmoja ndio uliobeba kila alichotaka kusema.

Mchoraji ni Nikkolas Smith, mwenyeji wa Houston, Texas. Alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Hampton, kimoja kati ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, kisha akaajiriwa na Walt Disney Imagineering, idara inayobuni bustani za burudani za kampuni hiyo. Aliacha kazi mwaka 2019. Miradi yake miwili ya mwisho, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa ule wa hospitali za watoto na ule wa Avengers Campus, eneo la mashujaa wa Marvel lililofunguliwa Juni 2021. Kwa hiyo kabla Boseman hajafa, Smith alikuwa tayari ametumia muda wake mwingi akifikiria mambo mawili: wodi za watoto na mashujaa wa Marvel. Msiba ulipotokea, mambo hayo yakakutana kwenye ukurasa wake. Mchoro aliuita King Chad.

Kilichoufanya uwaume watu ni habari iliyotoka pamoja na tangazo la kifo. Boseman aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana mwaka 2016, akaificha. Aliigiza filamu moja baada ya nyingine kati ya upasuaji na tiba, na katikati ya yote hayo alikwenda hospitali ya watoto ya St. Jude huko Memphis kuwatembelea watoto wenye saratani. Mwaka 2018, akihojiwa redioni, alisimulia habari za watoto wawili mahututi aliokuwa akiwasiliana nao wakati Black Panther inatengenezwa, ambao wazazi wao walisema wanajikaza ili waione filamu. Hawakufika. Alishindwa kuendelea kuzungumza, akalia. Waliomsikia siku ile walidhani wanamwona mtu mwenye huruma tu. Hawakujua kwamba anayelia naye ni mgonjwa. Mchoro wa Smith unamrudisha mtazamaji kwenye mahojiano yale na kumfanya aelewe upya.

Smith anajipatia riziki kwa kuchora, lakini mchoro huu ni kazi ya ushabiki kwa maana yake halisi. Hakutumwa na mtu kuuchora. Aliuchora kwa sababu filamu ya Black Panther ilikuwa na maana kwake, akauweka hadharani, watu wakaupokea. Baadaye ndipo Disney, wanaomiliki Marvel tangu 2009, wakaamua kuuweka ukutani kwao. Ni nadra sana mwenye mali kuupa mchoro wa shabiki ukuta wake mwenyewe.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kukumbushwa jinsi Black Panther ilivyopokelewa huku. Onyesho lake la kwanza barani lilifanyika Kisumu tarehe 13 Februari 2018, siku chache kabla ya filamu kuingia kumbi za Marekani, katika kaunti ambayo gavana wake, Profesa Anyang' Nyong'o, ni baba wa Lupita aliyeigiza kama Nakia. Florence Kasumba, aliyeigiza kama Ayo, yule mwanajeshi wa Dora Milaje mwenye sauti ya amri, alizaliwa Kampala. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kuchukua Oscar tatu, mbili kati yake zikienda kwa Ruth E. Carter kwa mavazi na Hannah Beachler kwa usanifu wa mandhari. Saluti yenyewe, mwelekezi Ryan Coogler alieleza, ilichotwa kwenye sanamu za Mafarao na kwenye ishara ya kukumbatia katika lugha ya alama ya Marekani. Mwaka ule saluti hiyo ilipigwa kwenye harusi, kwenye mahafali, na kwenye viwanja vya mpira baada ya goli. Smith alijua kwamba akichora mikono iliyokunjwa hivyo, hahitaji kuandika neno.

Uwezo huo wa kusema kwa mchoro bila maneno hakuupata siku moja. Kwa miaka Smith amekuwa na desturi ya kuchora kila Jumapili na kuiweka kazi hadharani. Anachora kwa kalamu ya kielektroniki, lakini hafuti alama za mkono: mapigo ya brashi yanabaki mapana na yasiyolainishwa, sehemu nyingine za mwili zimeachwa kama rangi iliyopakwa haraka, na macho peke yake ndiyo yamekamilishwa. Julai 2013, baada ya mahakama ya Florida kumwachia huru mtu aliyempiga risasi kijana Trayvon Martin, Smith alimchora Martin Luther King akiwa amevaa sweta yenye kofia, vazi alilokuwa nalo kijana yule usiku aliouawa. Mchoro ule ulisambaa Marekani nzima. Tangu hapo amechora waigizaji, wanamichezo, wahanga wa risasi za polisi, mabango ya filamu, na vitabu vya watoto, kikiwemo Born on the Water cha mwaka 2021 walichokiandika Nikole Hannah-Jones na Renée Watson. Mstari unaopita katikati ya kazi zote hizo ni uleule. Anachukua vazi au ishara kutoka kwa mtu mmoja, anamvika mwingine, na mtazamaji anaachwa na kazi ya kuunganisha.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya mchoro wa shabiki unaodumu na ule unaopita. Kufananisha sura ni ufundi unaofundishika. Vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaweza kukutolea uso wa mwigizaji kwa penseli hadi ukadhani ni picha ya kamera. Swali gumu ni lile linalofuata. Mchoraji huyu ameona nini katika filamu ambacho mimi niliyeitazama sikukiona? Kama jibu ni kwamba ameona uso tu, basi picha ya kamera ilikuwa inatosha.

Scott Campbell, anayejulikana zaidi kwa jina la Scott C., amejibu swali hilo kwa njia iliyo mbali kabisa na ya Smith. Alikuwa mkurugenzi wa sanaa katika kampuni ya michezo ya video ya Double Fine, San Francisco, alikoshughulikia Psychonauts ya mwaka 2005 na Brütal Legend ya mwaka 2009. Pembeni alikuwa akichora kwa rangi za maji. Mwaka 2008 aliandaa michoro midogo kwa ajili ya Crazy 4 Cult, maonyesho ya Gallery1988 ya Los Angeles, nyumba ya sanaa iliyofunguliwa mwaka 2004 na kujijengea jina kwa kazi zinazohusu filamu na televisheni. Michoro hiyo ilizaa mfululizo uitwao The Great Showdowns, kisha kitabu mwaka 2012 chenye dibaji ya mwigizaji Neil Patrick Harris, halafu vitabu vingine viwili mwaka 2013 na 2015.

Kila mchoro ni makabiliano. Upande mmoja yupo steringi, upande wa pili yupo adui wake, na kati yao pana nafasi ndogo ya karatasi tupu. Watu ni wadogo kama kidole. Macho yao ni nukta mbili, mashavu yamepakwa wekundu kidogo, na wote wanatabasamu. Anayekaribia kuuawa anatabasamu. Anayekaribia kuua naye anatabasamu, ameshika shoka au panga lake kwa upole kama aliyeombwa asimame apigwe picha ya ukumbusho. Wakati mwingine adui si mtu hata kidogo: ni kitu, ni mnyama, ni mlango. Jina la filamu halijaandikwa. Mtazamaji anapewa nguo, silaha na mkao, abaki akikuna kichwa hadi akumbuke.

Mtu anaweza kudhani ni utani wa watoto. Ukiutazama kwa utulivu utaona kwamba Scott C. amechuja. Ametoa damu, ametoa hofu, ametoa muziki na kasi ya kamera, akabakiza vitu vile tu ambavyo kumbukumbu haiviachii: rangi ya fulana, nywele, umbali kati ya wawili. Na tabasamu lile linasema kweli moja kuhusu ushabiki. Aliyeitazama filamu ya kutisha akiwa na miaka kumi, akafunika uso kwa kanga ya mama yake, miaka ishirini baadaye anamkumbuka yule muuaji kama jamaa wa zamani. Hofu imeondoka, mapenzi yamebaki. Ni vigumu kueleza jambo hilo kwa maneno bila kulizungusha, lakini Scott C. analieleza kwa nukta mbili na mstari mmoja uliopinda.

Kwa Olly Moss, Mwingereza wa Winchester, uchujaji umefika mbali zaidi. Desemba 2010 alitoa mabango matatu ya filamu za mwanzo za Star Wars kupitia Mondo, wakati huo tawi la sanaa la kumbi za sinema za Alamo Drafthouse zilizoanzia Austin, Texas. La kwanza ni kichwa cha roboti C-3PO kikiwa kivuli, na ndani ya kivuli hicho lipo jangwa la Tatooine na jua zake mbili. La pili ni kofia ya Boba Fett iliyobeba jiji la mawinguni. La tatu ni Darth Vader, na ndani yake msitu wa Endor. Rangi ni chache, maumbo ni makubwa, na huoni hata uso mmoja wa mwigizaji. Waliokuwa wakizipenda filamu hizo kwa zaidi ya miaka thelathini walizigombania nakala hizo zikaisha mara moja.

Mondo walikuwa wakichapa kwa skrini, mbinu ambayo kila anayechapisha fulana za kampeni au za timu ya mtaa anaijua: kitambaa chembamba kimewambwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa zimezibwa, wino unasukumwa kwa raba kupita kwenye matundu. Kila rangi ina skrini yake na zamu yake. Mchoraji anayejua kwamba ana rangi nne tu hujifunza haraka kipi ni cha lazima na kipi ni mapambo. Ufinyu huo wa vifaa ndio uliomlea mchoraji wa aina ya Moss, na si ajabu kwamba kazi bora za kundi lile zilitoka kwa watu waliokuwa wakichapa mabango ya matamasha ya muziki. Mwaka 2011 maktaba ya Margaret Herrick, inayotunza kumbukumbu za taasisi ya Oscar, ilianza kuhifadhi mabango ya Mondo. Miaka miwili baadaye taasisi hiyohiyo ikamwagiza Moss, kwa ushirikiano na Gallery1988, achore bango la tuzo za 85: sanamu za Oscar zimepangwa safu kwa safu, kila moja imevikwa alama za filamu bora ya mwaka wake, kuanzia Wings.

Hata hivyo, kabla Austin na Los Angeles hazijagundua kwamba mchoro wa mkono unaweza kuvuta watu kuliko picha ya studio, wachoraji wa Ghana walikuwa wanaishi kwa kazi hiyo.

Katikati ya miaka ya 1980, deki za video zilipoanza kuenea, wafanyabiashara wa Ghana walifunga safari kutoka miji mikubwa kwenda vijijini wakiwa na televisheni, deki, jenereta na mzigo wa kanda. Popote walipofika waligeuza chumba au uwanja kuwa ukumbi. Waliokulia kwenye vibanda umiza vya Manzese au Tandika, jijini Dar es Salaam, wanaifahamu biashara hiyo bila maelezo. Tofauti ni kwamba Waghana walikuwa na mabango. Magunia mawili ya unga wa ngano yalipasuliwa, yakashonwa pamoja, yakapakwa rangi ya chini, kisha fundi wa kuchora vibao vya maduka akapewa kanda na kuambiwa achore kitu kitakacholeta watu. Bango lilipokauka lilikunjwa na kusafiri pamoja na kanda yake kutoka mji hadi mji, likitundikwa na kutunguliwa hadi rangi ikapasuka kwenye mikunjo.

Mara nyingi fundi alikuwa ameona jalada la kanda tu. Kwa hiyo alichora filamu aliyoiwaza. Arnold Schwarzenegger alipewa misuli ambayo hata yeye hakuwahi kuwa nayo. Nyoka walijitokeza kwenye filamu zisizo na nyoka, damu ikamwagika kwenye vichekesho, mikono ikaongezeka, macho yakatoka nje. Majina kama Leonardo, Heavy J, Stoger na Mr. Brew yaliandikwa kwa herufi kubwa pembeni, kwa sababu bango lilikuwa pia tangazo la fundi. Mtu aliyekwisha kulipa kiingilio angeweza kulalamika kwamba nyoka hakumwona, lakini wenye video waliendelea kuagiza mabango, na wachoraji wakaendelea kushindana nani atamtia mtu shauku zaidi kabla hajakaa kwenye benchi.

Kuna wanaoziita kazi hizo ujinga wa kuvutia, na kauli hiyo inawadhulumu mafundi wale. Tazama jinsi walivyopanga mwili mzima ndani ya umbo refu la gunia, jinsi walivyouweka uso wa steringi pale jicho linapoanguka kwanza, jinsi walivyochagua njano na nyekundu ili bango lionekane kutoka ng'ambo ya barabara yenye vumbi. Hawa ni watu waliojua kazi. Walikuwa wanachora ahadi, na ahadi ya filamu ni sehemu ya filamu. Nani hakumbuki filamu aliyoisimuliwa na rafiki ikawa nzuri kuliko alipoiona mwenyewe?

Televisheni za nyumbani na mabango ya kuchapwa kwa mashine viliiua biashara hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakati huohuo wakusanyaji wa Marekani na Ulaya walikuwa wameanza kuyanunua magunia yale, na mwaka 2000 Ernie Wolfe III wa Los Angeles alitoa kitabu kikubwa kuyahusu, Extreme Canvas. Leo mafundi kadhaa wa Accra wanaendelea kupokea oda kupitia Deadly Prey Gallery ya Chicago. Wateja wao ni mashabiki wa mbali wanaotaka filamu au tamthilia yao ya televisheni ichorwe kwa mtindo wa gunia. Ni mgawanyo wa ajabu wa ushabiki: mwenye mapenzi na mhusika yuko ng'ambo, mwenye brashi yuko Ghana, na mchoro unapendeza kwa sababu mchoraji yuko huru kuona asichokiona mteja.

Nairobi nayo ina sanaa yake ya mwendo. Nganya za Rongai na Umoja, yaani matatu yaliyopambwa, zimebeba nyuso za wanamuziki, wachezaji mpira, wanasiasa na wahusika wa filamu kwa rangi ya kupuliza, ubavu mzima wa gari ukiwa ukurasa mmoja. Kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyavalisha matatu mstari wa njano na kuififisha michoro kwa miaka, hadi katikati ya miaka ya 2010 Rais Uhuru Kenyatta alipoiunga mkono hadharani, akisema inawapa vijana kazi. Mchoraji wa matatu ana mtihani ambao Moss na Scott C. hawaujui: kazi yake lazima isomeke ikiwa inapita kwa kasi, usiku, katikati ya taa za rangi na muziki. Anachukua uso na rangi mbili kali, basi.

Suala la sheria haliwezi kukwepwa. Mhusika wa filamu ana mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama ile ya Kenya ya mwaka 2001, inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani atoe kazi nyingine itokanayo na yake. Anayechora Spider-Man kwenye daftari hasumbuliwi na mtu. Anayechapa fulana mia tano na kuziuza Kariakoo yuko mahali pengine kabisa. Mondo walilipia leseni kwa studio. Kati ya daftari na leseni pana uwanja mpana ambamo wachoraji wengi duniani wanaishi kwa uvumilivu wa wenye mali, na uvumilivu huo unaweza kuondolewa wakati wowote. Kijana anayetaka kuuza kazi zake afahamu hilo kabla ya kununua karatasi za kuchapia.

Tishio jipya zaidi halitoki kwa wanasheria. Machi 2025 mitandao ilifurika picha zilizotengenezwa na ChatGPT kwa mtindo wa studio ya Ghibli ya Japani, za watu, wanyama na matukio ya filamu, kila moja ikitoka ndani ya dakika chache. Wachoraji walikasirika, na walikuwa na haki. Ghibli inajulikana kwa filamu zilizochorwa kwa mkono, fremu kwa fremu. Programu inayoiga rangi zake haijawahi kuketi gizani ikamngoja Totoro, mhusika wa Ghibli, pale kituo cha basi kwenye mvua. Inaweza kutoa mfanano. Haiwezi kuwa na sababu ya kukihamisha kinyago kwenda kwa mtoto aliye hospitalini, kwa kuwa haikuhuzunika Boseman alipokufa.

Anayejiuliza kama ushabiki unaweza kumfikisha mchoraji mahali amtazame ND Stevenson. Akiwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Maryland, huko Baltimore, Stevenson alijulikana mtandaoni kwa katuni za utani za wahusika wa The Lord of the Rings, akiwachora kama genge la vijana wa siku hizi. Waliozifuata katuni hizo walikuwapo mwaka 2012 alipoanza kuchapisha hadithi yake mwenyewe, Nimona, kuhusu msichana anayejibadilisha maumbo na kujiunga na mtu anayesemekana kuwa mwovu. Ilitoka kama kitabu mwaka 2015 na kuingia fainali ya tuzo ya National Book Award ya Marekani. Kuanzia 2018 hadi 2020 Stevenson aliongoza She-Ra and the Princesses of Power, ambayo nayo ni kuhuisha wahusika wa katuni ya mwaka 1985. Yaani studio ilimlipa kufanya kwa ukubwa kile alichokuwa akikifanya bure chuoni.

Filamu ya Nimona ilikaribia kupotea. Disney ilipoifunga studio ya Blue Sky mwaka 2021, kazi ilikuwa imefika mbali, ikasimamishwa. Waliokuwa wakiitengeneza walikataa kuiacha, kampuni ya Annapurna ikaichukua, na Juni 2023 ikatoka Netflix, kisha ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya katuni. Tangu siku ilipotoka, Nimona anachorwa na watu ambao Stevenson hawajui, wengine wakimpa nywele anazozitaka wao, wengine umbo la papa au la kifaru, na wengine wakimtoa kabisa kwenye hadithi yake na kumpeleka kwao.